Mjane Asiyetulia Godoroni

Mume wangu alipofariki, jambo la kwanza wifi yangu alilofanya ni kunitafutia godoro. Alilitandika kwenye kona ya sebule yetu hapa Cheyo, akaniketisha, akaninyoosha miguu kwa mikono yake mwenyewe kama mtu anayepanga kuni, akanifunika kanga mpaka kiunoni. Halafu akanipa masharti.

"Wifi, kwenye ukoo wetu mjane hainuki ovyo. Ukienda chooni unasindikizwa. Vinginevyo unakaa hapo mpaka tuondoke kwenda kijijini Puge kumzika ndugu yangu. Mjane asiyekaa godoroni hafiki kaburini. Anabaki nyumbani na wapishi."

Nikaitikia kwa kichwa. Ningesema nini? Marehemu yuko mochwari, mwanetu mkubwa yuko njiani anatoka kusini, na mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu: kumtupia mume wangu udongo kwa mkono wangu. Mchungaji akishamaliza, mke ndiye anaanza. Hilo tu. Vitu vingine vyote, kuanzia nyumba mpaka pampu yake ya baiskeli, wangegawana wakitaka. Udongo ulikuwa wangu.

Tatizo lilikuwa miguu.

Miguu yangu haina adabu. Mchana ni miguu ya kawaida ya mama mtu mzima: minene kiasi, visigino vina nyufa, inakwenda sokoni na kurudi bila malalamiko. Jua likianza kushuka, nikikaa tu, inaanza. Si maumivu. Watu wananiuliza, "Inauma?" nikisema haiumi wananitazama kama nimewadanganya. Ni kama kuna soda ndani ya mfupa na mtu kaitikisa chupa. Nikiunyoosha mguu unataka kukunjwa, nikiukunja unataka kunyooshwa. Nikisimama nikazunguka kidogo, kimya, watoto wazuri kabisa. Nikirudi kukaa, nao wanarudi na matarumbeta.

Ugonjwa huu ulinianza nilipoanza kuitwa bibi. Mwanzoni nilidhani ni uzee unabisha hodi, nikaufungulia. Nilifungwa kanga magotini. Nilipakwa samli, nikapakwa mafuta ya nyonyo, nikalala nanuka kama taa ya kibatari. Jirani mmoja akasema ni gesi. Mwingine akasema nimekanyaga kitu nilichotegewa. Kikundi cha maombi cha kanisani kwetu kikaja jioni moja, wakanikalisha kwenye kiti, wakanishika miguu yote miwili, wakaanza kukemea pepo. Sasa we mshike mtu mwenye miguu kama yangu, jioni, umkalishe kwa nguvu, uone. Mguu wa kulia ukaruka ukampata mwenyekiti wa kikundi kidevuni.

"Amejidhihirisha!" wakapiga kelele.

Nikawaambia, "Jamani ni mimi, naomba nisimame."

Wakasema anayeongea siye mimi.

Aliyeniokoa ni mume wangu. Alikuwa fundi baiskeli, na kwa fundi baiskeli kitu kikitingishika kina sababu: ama nati imelegea, ama kuna kipuri kimekwisha. Akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo tu, lakini alitusikiliza mpaka mwisho, wala hakucheka mimi nilipokuwa nacheka. Akaniambia ni ugonjwa, upo, wazee wengi wanao wanauficha kwa aibu. Wakanitoa damu, majibu yakaja kwamba madini ya chuma yamepungua.

Mume wangu akapiga paja. "Si nilisema? Kipuri!"

Nikapewa vidonge vya chuma, nisivimeze na chai. Chai yenyewe na kahawa mwisho mchana, jioni marufuku. Vile vidonge vya mafua vinavyolaza usingizi, ambavyo mimi nilikuwa navimeza kama karanga nikidhani vinanisaidia kulala, daktari akasema ndivyo vinavyoipandisha miguu wazimu. Nitembee jioni. Ninyooshe misuli. Nikandwe mashavu ya miguu, niiloweke kwenye maji ya uvuguvugu.

"Nitapona?" nikamuuliza.

"Mama, huu mara nyingi hauondoki kabisa. Unafugwa. Ukizidi, rudi, zipo dawa nyingine."

"Unafugwa kama mbwa?"

"Kama mbwa."

"Basi ninao wawili," nikasema, "na hawabweki, wanapiga mateke."

Shule mimi niliacha darasa la tano, la sita nililiona kupitia dirishani nikipeleka mbuzi. Lakini somo hilo nililishika mara moja. Tukaanza kufuga. Kila jioni, mimi na mzee wangu, tunazunguka mtaa mzima, yeye kashika tochi hata kama bado kuna mwanga. Vijana wa kijiweni wakatupa jina: doria. "Shikamooni doria, mmekamata wangapi leo?" Tunawajibu, "Marahaba, tunawatafuta nyie." Tukirudi anakalia kigoda, ananikanda kwa mikono yake yenye grisi iliyoingia mpaka kwenye mistari ya viganja, haitoki kwa sabuni yoyote. Shuka zetu zote zilikuwa na alama za vidole. Hatukuwa tumepona, ila tulikuwa tunalala.

Basi mfikirie mtu huyo amewekwa kwenye godoro la msiba.

Jioni ya kwanza nikaletewa chai ya rangi, nzito, nyeusi, kali kama maji ya betri. Nikasema mimi jioni sinywi. Wifi akasema mjane lazima awe na nguvu, kunywa. Nikanywa. Kikaja kikombe cha pili, nikanywa. Pua zilikuwa zinanitiririka kwa kulia, mama mmoja mwenye huruma akatoa kwenye mkoba kidonge cha mafua, "Meza mwenzangu, kitakulaza." Nikameza. Mtu wa kunikumbusha ndiye huyo tuliyekuwa tunamlilia.

Akina mama wamekaa mikekani wanaimba nyimbo za kanisani, mimi kwenye kona yangu, soda ikaanza kupanda. Nikauma upindo wa kanga. Nikakunja vidole. Nikajaribu kumfikiria Ayubu. Ayubu alikaa kwenye majivu, sawa, lakini hakuna mahali wameandika alikunywa chai ya rangi kwanza. Kanga ikaanza kutembea yenyewe juu ya miguu, mtu angedhani nimeficha kuku.

"Mbona kanga inacheza?" nikasikia mtu ananong'ona.

"Shh. Huzuni hiyo."

Huzuni ikapiga teke chupa ya chai. Chupa ikaviringika sebule nzima, ikamwaga, ikaenda kutulia kwenye mapaja ya mama mchungaji. Wimbo ukakatika. Nikasimama.

Sikusindikizwa na mtu. Nilitoka mlangoni, nikapita katikati ya wanaume waliokaa uani kwenye viti vya plastiki, nikawapita wapishi na masufuria yao, nikaanza kuizunguka nyumba. Mzunguko mmoja, miguu ikashukuru. Wanaume wakageuza shingo. Mpishi mwiko ukamganda mkononi. Nikafika tena mbele ya mlango, wifi ananisubiri.

"Wifi! Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Natembea."

"Watu wanakuangalia."

"Waangalie tu, hakuna kiingilio."

"Ndugu yangu yuko kwenye friji, wewe unafanya mazoezi?"

Hilo liliniingia. Nikasimama, miguu yenyewe ikawa inasogeasogea pale pale kama mtu anayesubiri choo.

"Wifi, unaujua ugonjwa wangu. Ndugu yako mwenyewe alinipeleka hospitali."

"Ugonjwa gani mtu mchana yuko mzima, jioni anaumwa? Nimeishi miaka yangu yote sijausikia. Rudi ukae."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Nikikaa nitapiga mtu. Nimeshaanza na chupa."

Akasogea karibu, sauti ikashuka. "Nisikilize. Kesho ukiinuka tena hivi, Puge huendi. Nimeshaongea na baba mdogo. Utabaki hapa na masufuria."

"Nitakwenda."

"Kwa gari lipi?"

"Si unaiona miguu? Tangu jioni inataka safari."

Nilicheka peke yangu. Hakuna aliyeniunga mkono, na mimi mzaha wangu ukifa hivyo huwa naona aibu kuliko nikianguka hadharani. Nikaendelea kuzunguka, nalia sasa, maana kutembea kule kulikuwa kwa watu wawili na mimi nilikuwa nusu. Nilipopita dirishani nikasikia wanasema. Mjane gani huyu. Anamkimbia marehemu. Mwingine, mwanamume, akasema ya kwake taratibu: mwenye kuua hatulii.

Asubuhi yake miguu ilitulia kama haijawahi kutenda kosa. Nikakaa godoroni vizuri, nimenyooka, picha ya mjane mwema. Hiyo ndiyo iliyoniharibia zaidi. Wifi akaja, mikono kiunoni.

"Si unaona? Kumbe unaweza."

Nikamweleza kwamba asubuhi huwa hivyo, ngoma ni jioni. Akanitazama kama namsomea gazeti la uongo. Mwanangu akafika mchana, kachoka, macho mekundu, akanikumbatia. Baada ya kuongea na shangazi yake akarudi akaniambia, "Mama, jikaze tu leo. Ni jioni moja." Mwanangu ni mtu mzuri. Lakini jikaze ni neno la mtu mwenye miguu yake.

Alasiri ikaanza kulainika. Gari la kwenda Puge lilikuwa limeshapangwa la asubuhi inayofuata. Chai nilikataa, safari hii nikaimwaga kwenye kopo la maua nikiwa nawatazama usoni. Lakini ile soda haikungoja chai. Ikaanza kwenye kisigino, ikapanda. Wifi alikuwa amekaa mbele yangu makusudi, ananilinda kama nyama isiliwe na paka. Mimi namtazama yeye, yeye anatazama kanga. Nikajua sitafika magharibi. Nikaanza kupanga nitasema nini nikishasimama, maana kusimama nilikuwa nasimama, na kaburini nilikuwa naenda, hata kwa kudandia lori la tumbaku.

Hapo ndipo tukasikia kelele getini.

"Yuko wapi huyo fundi! Kaniachia baiskeli haina breki, halafu anakufa! Utapeli gani huu!"

Alikuwa jirani yetu, mama Mgogo muuza dagaa. Wagogo ni watani wetu tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanapita nchini kwao na mizigo vichwani wakielekea pwani, wanaomba maji na kurushiana matusi. Matusi yakabaki, yakawa undugu. Msibani mtani ana ruhusa ya kufanya ambayo mwingine angepigwa nayo. Akikamata kitu cha wafiwa, hakiguswi mpaka kikombolewe. Hata jeneza anaweza kulizuia.

Akaingia sebuleni kavaa ovaroli ya mume wangu, kaianua kwenye kamba huko nje, suruali inaburuza chini. Akanikazia macho.

"We mchawi! Mume umemuua mwenyewe, halafu hata adabu ya kukaa huna?"

Lile neno walilokuwa wanalipitisha dirishani kwa siri, yeye kalimwaga katikati ya mkeka.

"Nimemuua kwa chai, mtani," nikamjibu. "Yako ipo jikoni, nzito hivyo hivyo."

Mama mchungaji ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kuubana mdomo kwa kanga, kicheko kikatoka kama chafya. Kisha wote.

"Leta hapa hiyo miguu niione!" Akaifunua kanga. Miguu inachezacheza, haina habari ya wageni. "Ehee! Nilijua. Hii ni miguu ya wapagazi. Babu zenu walishafika pwani, wakarudi, wakafa, hii haijaambiwa. Bado inakwenda!" Akanisukuma begani. "Toka hapo. Godoro nimelikamata."

Akajitupa. Alijinyoosha godoroni na ovaroli yake, akajifunika kanga yangu mpaka kidevuni, akaanza kulia, "Uwii mume wangu, uwii nani ataniwekea kiraka!" huku anarusha mateke juu, kulia, kushoto, ndiyo mimi huyo anayeigizwa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa nimesimama. Nilikuwa nimesimama na hakuna wa kuniambia nikae, maana pa kukaa palikuwa pamekamatwa.

Wifi hakucheka. "Mtani, inuka. Hilo ni godoro la mjane."

"Mjane ni mimi sasa. Nipepeeni."

"Inuka, basi. Tutakupa kuku."

"Leta."

Akaletewa jogoo. Akamkumbatia kifuani, akafumba macho. "Huyu ni wa kunifariji. Godoro bado."

"Unataka nini sasa?"

Mtani akafumbua jicho moja. "Huyu mwenye miguu yake atembee na miguu yake mpaka kaburini, akamtupie udongo mumewe. Mkimwacha nyumbani, godoro silitoi, na kesho nalala mbele ya magurudumu ya gari. Mtanizika mimi kwanza."

"Mtani, hiyo ni mila yetu. Usiingilie."

"Na mimi ni nani? Mimi si mila?"

Uani baba mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa anasikiliza kupitia dirishani kama wengine, akacheka cheko la mzee, la kukohoa. "Mtani hakataliwi," akasema. "Mwacheni mama atembee."

Wifi akainuka. Alichukua sinia lililokuwa halihitaji kuchukuliwa, akaenda nalo jikoni. Mlangoni akageuka. "Aende. Lakini atakaa nyuma."

Jioni ile nilizunguka nyumba waziwazi. Mpishi mmoja akaniwekea maji ya uvuguvugu kwenye beseni, nikaloweka miguu nikiwa nimesimama kama korongo. Waliotaka kunipa pole ikabidi waje upande wangu watembee, na baadhi walikuja, mama mchungaji wa kwanza, ananipa mistari ya Biblia huku anahema. Mama mwingine, ambaye sikumtegemea, akaninong'oneza kwamba na yake inafanya hivyo, anamdanganya mumewe kwamba anatoka kuangalia kuku. Nikamwambia aende akapime damu, kuku waache walale. Mtani mwenyewe alikuwa anakoroma kwenye godoro langu, jogoo kafungwa mguuni kwake. Alilala vizuri mpaka nikaona wivu.

Kesho yake tukaenda Puge. Wifi alitimiza neno lake: nyuma kwenye gari, nyuma kwenye maandamano, nyuma kwenye ibada. Kaburi lilikuwa pembeni ya shamba la mihogo la baba yao. Nilipokuwa nimesimama nilikuwa naona mgongo wake na kilemba chake, mume wangu simwoni. Mchungaji akamaliza, akatupa udongo wake, akasema, "Mke wa marehemu."

Mgongo wa wifi haukusogea.

Sikumsukuma. Nilimzunguka tu, kuzunguka nakujua. Nikapita pembeni ya mihogo, nikatokea mbele, viatu vimejaa vumbi. Nikainama nikachota. Udongo wa kiangazi wa Puge hausagiki, ni mabonge, na nilichagua bonge kubwa. Likagonga mbao kwa kishindo, watu wakashtuka. Nikachota la pili. Hakuna mtu aliyesema la pili lipo, lakini hakuna aliyesema halipo. Nikamwambia mzee wangu maneno yetu, hayo siandiki.

Wakapita watoto, ndugu, mtani akatupa na matusi juu yake. Kisha wanaume wakashika makoleo. Akina mama kwa desturi ya pale wakatandika kanga chini kando ya shamba, wakakaa kusubiri. Kazi ilikuwa ndefu, mabonge yale yalikuwa yanavunjwa kwanza kwa jembe, na jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Mmoja baada ya mwingine hata waliobaki wima wakatafuta kivuli. Nikabaki mimi, kwenye ukingo, nahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, naangalia shimo linavyopanda.

Wifi alikuwa amekaa nyuma yangu kidogo, amenyoosha miguu, viatu kavua. Nilimsikia anavuta kanga yake kutengeneza nafasi.

"Kaa basi, wifi," akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Hao bado wanachelewa. Utachoka."

Kichwani mwa kaburi palikuwa bado pana shimo, msalaba haujasimikwa.

"Wamalize," nikamwambia. "Sikai."